Geji Inasema Nusu: Hesabu ya Upepo kwa Aliyeko Kondoa

Jaza tairi la gari dogo jijini Dar es Salaam mchana wa joto, nyuzi 30, mpaka geji isome kilopaskali 220. Pita Morogoro, pita Dodoma, shika lami ya Babati kuelekea kaskazini, ulale Kondoa. Alfajiri ya Julai, wenyeji wako wakiwa bado wamejikunyata ndani ya mablanketi, toka nje na geji ileile ukapime. Kama alfajiri hiyo ina nyuzi 15, geji itasoma 219. Utasema tairi limefika kama lilivyoondoka. Lakini njiani limepatwa na mambo mawili, na kila moja peke yake lingeisogeza sindano ukaona kwa macho. Moja limeipandisha, jingine limeishusha, hesabu ikafungana kana kwamba hakuna aliyemdai mwenzake.

Nitakuonyesha jinsi ya kuyatenganisha mambo hayo mawili, na ukishaweza hapo utaweza kukokotoa kanieneo ya gesi yoyote iliyofungiwa ndani ya chombo, mradi gesi hiyo ni ya kutii. (Zipo zisizotii, na mojawapo iko jikoni kwako. Tutaifikia.) Kanieneo ndilo neno la darasani. Gereji wanasema presha, na kwa fundi pancha ni upepo tu: "Upepo umepungua, mwalimu, nikuwekee ngapi?" Nitayatumia yote matatu.

Mahitaji ni machache: geji, simu yenye kikokotoo, kipimajoto kama unacho, na urefu wa mahali ulipo kutoka usawa wa bahari. Kondoa mjini ni karibu mita 1,400. Iandike namba hiyo pembeni, maana ndiyo inayosahaulika kuliko zote.

Kanuni yenyewe

PV = nRT

P ni kanieneo, V ni ujazo wa chombo, n ni kiasi cha gesi kikihesabiwa kwa moli, T ni joto, na R ni namba isiyobadilika, 8.314. Ukipima kanieneo kwa kilopaskali na ujazo kwa lita, R hubaki hiyohiyo 8.314, na huna haja ya kubadilisha chochote. Wengi hujisumbua kugeuza lita kuwa mita za ujazo na kilopaskali kuwa paskali, kisha wanapotea katikati ya masifuri. Usijitese.

Kanuni hii haikuzaliwa kwa siku moja. Mwaka 1662 Robert Boyle alionyesha kwamba ukiibana hewa hadi nusu ya ujazo wake, kanieneo huongezeka maradufu. Jacques Charles na Joseph Louis Gay-Lussac wakaja na habari ya joto mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa ya 19. Mwaka 1811 Amedeo Avogadro akasema kuwa ujazo sawa wa gesi mbili tofauti, kwa joto na kanieneo sawa, una idadi sawa ya molekuli. Émile Clapeyron akavikusanya vipande hivyo mwaka 1834 vikawa mstari mmoja. Gesi inayoutii mstari huo bila kukosea hata chembe huitwa gesi bora, nayo haipo duniani. Hata hivyo hewa ya kwenye tairi huikaribia mno, kiasi kwamba makosa ya geji yako ni makubwa kuliko makosa ya kanuni.

Ugumu wa hesabu hii hauko kwenye kuzidisha na kugawanya. Uko kwenye namba unazoziingiza, na hapo kuna mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni joto. T haiandikwi kwa nyuzi za Selsiasi, huandikwa kwa Kelvini. Chukua nyuzi zako, ongeza 273. Asubuhi ya nyuzi 15 ni Kelvini 288. Tairi la nyuzi 55 ni Kelvini 328. Mwanafunzi anayesahau hili hufikiri kwamba joto limepanda kutoka 15 hadi 55, yaani zaidi ya mara tatu, hivyo tairi lililokuwa na 220 sasa lina 807. Tairi la namna hiyo lingekuwa limeshapasuka kabla hajamaliza kuandika jibu. Kwa Kelvini joto limepanda kwa asilimia 14 tu.

Mtego wa pili ni geji yenyewe. Sindano ikiwa kwenye sifuri haimaanishi kuwa ndani hamna kitu. Inamaanisha hewa ya ndani na ya nje zinasukumana sawasawa. Geji hupima tofauti: ndani toa nje. Kanuni ya gesi haitaki tofauti, inataka kanieneo nzima, ile ambayo gesi inazisukumia kuta za chombo. Kwa hiyo kabla ya hesabu yoyote ongeza hewa ya nje kwenye namba ya geji, na ukimaliza hesabu iondoe, ili jibu lako liweze kulinganishwa na kile sindano itakachoonyesha.

Na hewa ya nje hapa Kondoa ni kiasi gani? Hapo ndipo ulipo mtego wa tatu.

Hewa ya Kondoa si hewa ya Dar

Ukifungua simu uangalie hali ya hewa ya Kondoa, huenda ukakuta kanieneo imeandikwa hektopaskali 1,015 au namba iliyo karibu na hapo. Hiyo ingekuwa kilopaskali 101.5, sawa na ufukweni. Simu haikudanganyi kwa makusudi. Watabiri wa hali ya hewa huisahihisha namba ya kila kituo iwe kana kwamba kituo kiko usawa wa bahari, ili ramani ya Tanga na ya Kondoa zisomeke pamoja. Kwao ni namba nzuri. Kwako wewe mwenye tairi haifai kabisa.

Tumia njia ya mkato. Usawa wa bahari hewa hukandamiza kwa karibu kilopaskali 101. Kila ukipanda mita 100, ondoa 1.1. Njia hii inatosha hadi mita kama 2,000. Juu zaidi ya hapo huanza kupinda.

Kondoa, mita 1,400: 14 × 1.1 = 15.4, na 101 – 15.4 inatupa karibu 86.

Dodoma mjini, kama mita 1,100, ni 89. Mbeya, karibu mita 1,700, ni 82. Kutoka siku hadi siku namba hizi huchezacheza kwa sehemu ndogo tu ya kilopaskali, hivyo ukishaipata ya kwako iandike ukutani mwa gereji, itakutumikia miaka.

Kilopaskali 15 zilizopungua kati ya Dar na Kondoa unaziona kila siku bila kuziita kwa jina. Pakiti ya krispi iliyofungwa pwani hufika dukani Kondoa imevimba kama puto. Maji huchemka hapa kwenye nyuzi kama 95, hayafiki 100, na ndiyo sababu mgeni kutoka pwani hulalamika kuwa maharage ya huku hayaivi. Yanaiva, ila maji yanayoyachemsha yana joto dogo kuliko aliyoyazoea.

Tairi, hatua kwa hatua

Turudi kwenye safari yetu. Dar: geji 220, nje 101, kwa hiyo kanieneo nzima ni 321. Joto ni nyuzi 30, yaani Kelvini 303.

Tairi halijavuja na ujazo wake haubadiliki sana. Kwa hiyo n, R na V hubaki vilevile pande zote mbili, na mstari wa Clapeyron unafupika: kanieneo mpya ni kanieneo ya zamani mara joto jipya, gawanya kwa joto la zamani. Kwa matumizi ya barabarani ufupisho huu unakutosha mara tisa kati ya kumi.

Kwanza tuseme umefika Kondoa na joto bado ni nyuzi 30. Ndani ni 321 ileile, ila nje sasa ni 86. Geji inasoma 321 – 86 = 235. Zimeongezeka 15 bila mtu kupampu, kwa sababu kile kilichokuwa kikisukuma kutoka nje kimelegea.

Sasa leta baridi ya alfajiri, nyuzi 15:

321 × 288 ÷ 303 = 305

305 – 86 = 219

Baridi imekula 16, mwinuko uliongeza 15, na jumla ni hiyo 219 tuliyoanza nayo. Anayetazama geji peke yake hatajua kamwe kwamba hewa ya ndani imepoteza sehemu ya ishirini ya nguvu yake.

Inajalisha? Kwa tairi lililopoa, si sana. Kinachokubeba wewe na mzigo wako ni tofauti ya ndani na nje, na tofauti hiyo ndiyo geji inayoipima. Ile namba iliyoandikwa kwenye kibandiko ndani ya mlango wa dereva nayo ni ya geji, kwa tairi lililopoa. Lakini siku ile utakapotaka kujua mchana kutakuwaje, kanieneo nzima haikwepeki.

Fanya hivi. Asubuhi Kondoa umejaza 220 kwa nyuzi 15. Kanieneo nzima ni 306. Unaondoka kwenda Babati. Lami hii ya kilomita 251 kutoka Dodoma, iliyozinduliwa rasmi mwaka 2018, imewafanya watu wakimbize magari mahali ambapo zamani walikuwa wakisukumana na vumbi. Unapita Kolo, pale wanaposhuka wageni wa michoro ya miambani, unapanda vilima vya Bereko, kona baada ya kona, gari limejaa. Matairi yanafika nyuzi 55 bila shida:

306 × 328 ÷ 288 = 348.5

348.5 – 86 = 262.5

Geji itasoma 262, ambayo kwa wanaotumia PSI ni 38, kutoka 32 ya asubuhi. (PSI moja ni karibu kilopaskali 6.9. Bar moja ni 100 kamili.) Namba hii ni ya kawaida kabisa. Waliolitengeneza tairi waliijua kabla halijazaliwa wazo la safari yako.

Balaa huanza hapa. Siku moja nilikuwa nimekaa kwenye benchi la fundi pancha kando ya barabara kuu, nikisubiri tairi langu la akiba. Likaingia gari dogo lililotoka kushuka milimani, abiria wakateremka kujinyoosha. Dereva akamwambia fundi apime. Fundi akapima, akasoma 38, akatikisa kichwa.

"Imezidi hii, kaka. Toa?"

"Toa, iache thelathini na mbili."

Akatoa. Sauti ile ya upepo unaotoka, *ssss*, ilinikereketa kama chaki mbovu ubaoni, lakini nilikuwa mgeni wa benchi tu, na nikanyamaza. Hadi leo najilaumu kwa kunyamaza kule, kwa sababu hesabu ni fupi. Tairi la nyuzi 55 limeachiwa hadi geji 220, yaani kanieneo nzima 306. Kesho alfajiri, nyuzi 15:

306 × 288 ÷ 328 = 269

269 – 86 = 183

Hiyo ni PSI 26 na nusu badala ya 32. Dereva ataondoka asubuhi na tairi lililolegea, ubavu wake utakunjika na kukunjuka kila mzunguko, kukunjika huko kutazaa joto, na joto hilo ndilo linalochana nyuzi za ndani ya mpira. Upungufu wa upepo umewapasulia watu matairi mengi kuliko ziada yake. Kwa hiyo pima tairi likiwa limepoa, kabla jua halijalishika na kabla hujaenda hata kilomita mbili. Ukilazimika kupima likiwa la moto, usitoe kitu. Kokotoa kwanza: ongeza 86, zidisha kwa Kelvini za asubuhi, gawanya kwa Kelvini za sasa, ondoa 86. Ukipata namba ya kibandiko, funga kifuniko uende zako.

Kuna watakaokushauri ujaze nitrojeni ili uepukane na hesabu hizi. Hewa ya kawaida ina nitrojeni asilimia 78 tayari, na kanuni yetu haiulizi gesi inaitwaje. Inahesabu moli tu. Nitrojeni ya dukani ina faida moja ya kweli, kwamba ni kavu, wakati kompresa isiyomwagwa maji hukujazia unyevu ndani ya tairi. Ukimkumbusha fundi wako afungue koki ya chini ya tangi la kompresa kila jioni, utakuwa umeipata sehemu kubwa ya faida hiyo bure.

Ukitaka kuanzia kwenye n

Ufupisho wa hapo juu hauhitaji kujua kuna gesi kiasi gani. Mtihani wa shuleni huuliza kwa namna nyingine: kuna moli kadhaa ndani ya chombo cha lita kadhaa kwa joto fulani, tafuta kanieneo. Tuitumie ile ile hewa ya tairi. Tairi la gari dogo hubeba kama lita 30. Kanieneo nzima 306, joto Kelvini 288:

n = 306 × 30 ÷ (8.314 × 288) = 3.83

Hizo ni moli 3.83 za hewa. Moli moja ya hewa ina gramu 29, hivyo umejaza kama gramu 111, uzito wa mayai mawili. Mayai mawili kila pembe, nayo yamelibeba gari zima na magunia ya alizeti juu.

Sasa geuza. Una moli 3.83 ndani ya lita 30, joto nyuzi 45, yaani Kelvini 318. Kanieneo ni ngapi?

P = 3.83 × 8.314 × 318 ÷ 30 = 337.5

Ondoa 86, geji itasoma 251 au 252. Ndivyo inavyokwenda kila mara: tafuta n kwa hali unayoijua, kisha itumie n hiyo kwa hali usiyoijua.

Mwenye baiskeli anaweza kuihesabu n kwa mkono, na hapa nakiri kuwa napenda mfano huu kuliko mingine yote. Chukua pampu ya mkono inayomeza robo lita kila ukiivuta, na tyubu ya lita 2 ambayo tayari imekaa umbo lake ila geji iko sifuri. Unataka ifike 300. Unahitaji kuingiza hewa ya 300 × 2, yaani 600. Kila pampu moja ya Kondoa inaleta robo lita ya hewa ya 86, yaani 21.5. Gawanya 600 kwa 21.5, unapata 28. Dar, kila pampu inaleta 101 × 0.25, kama 25, na kazi inaisha kwa 24. Baiskeli ileile, pampu ileile, na Mrangi wa Kondoa anatoa jasho la pampu nne zaidi kuliko binamu yake wa Kariakoo. Usiende kasi unapohesabu, kwa sababu pampu hupata moto, na hewa ya moto itaisukuma geji juu kisha ishuke tyubu ikipoa.

Mitungi: inayotii na isiyotii

Fundi wa kuchomelea ana mtungi mrefu wa oksijeni. Tuseme ni wa lita 40, umejazwa bar 150 kwa nyuzi 25. Bar 150 ni kilopaskali 15,000. Ongeza 86 ukipenda, ni 15,086. Mtaalamu hataongeza, maana kwenye namba kubwa namna hii hewa ya Kondoa ni tone baharini. Ukiuacha mtungi juani hadi chuma kifike nyuzi 60, chukua 15,086 × 333 ÷ 298, utapata karibu 16,860, yaani geji ya bar 168. Sababu ya kuuweka kivulini umeiona kwa namba. Na kwa kuwa joto likibaki sawa kanieneo hufuata n moja kwa moja, bar 30 zilizobaki ni moja ya tano ya kazi yako: kama mtungi mzima ulikukatia vyuma siku tano, umebakiza moja. Kwenye bar 150 gesi halisi huanza kuachana na gesi bora kwa asilimia chache, jambo lisilomnyima fundi usingizi. Linalopaswa kumnyima usingizi ni grisi. Usipake grisi wala mafuta kwenye koki ya oksijeni, hata iwe ngumu kiasi gani. Oksijeni yenye kanieneo kubwa ikikutana na mafuta huwaka.

Mwenzake, mtungi wa asetilini, usiuhesabie kwa kanuni hii. Ndani yake gesi imeyeyushwa kwenye asetoni, na asetoni imefyonzwa na kitu chenye vitundu kama sifongo. Geji yake haikuambii moli ulizonazo.

Na ule wa jikoni pia. Serikali ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unaofika 2034, na mitungi ya kilo 6 na 15 imeingia nyumba ambazo miaka michache nyuma zilijua kuni na mkaa tu. Kondoa ina sababu yake ya kuipokea habari hii. Hapa ndipo mradi wa HADO ulipoanza mwaka 1973 kupambana na makorongo yaliyoimeza ardhi, na ndipo mwaka 1979 mifugo ilipoondolewa kabisa kwenye eneo lililomomonyoka ili majani yapate kurudi. Mtu aliyekua akiyaona makorongo hayo haambiwi mara mbili kuhusu thamani ya mti.

Lakini mama mwenye nyumba anataka kujua kitu kimoja: gesi imebaki kiasi gani? Mwenye geji na kanuni yetu atakurupuka. Mtungi wa kilo 6 una ujazo wa kama lita 14. Tuseme kanieneo ndani ni 600 kwa nyuzi 25. Hesabu: 600 × 14 ÷ (8.314 × 298) ni moli 3.4, na kwa gramu kama 50 kila moli, tunapata gramu 170. Mtungi mpya wa kilo 6, na hesabu inasema una gramu 170!

Kosa si la kuzidisha. Ndani ya mtungi ule sehemu kubwa si gesi, ni kimiminika cha propani na butani. Ukifungua jiko, gesi ya juu inatoka, kimiminika kinachemka kidogo na kuziba pengo, kanieneo inarudi palepale. Itabaki hapo mpaka tone la mwisho liishe, kisha ndipo ianguke kwa ghafla, kwa kawaida sufuria la wali likiwa nusu. Kanieneo hiyo hufuata joto na mchanganyiko wa gesi, haifuati kiasi. Kwa hiyo weka geji chini, chukua mizani. Mtungi umegongwa namba ya uzito wake ukiwa mtupu. Upime, ondoa namba hiyo, kinachobaki ni gesi.

Jaribio la chupa

Kama huna geji na unataka kuhakikisha kwamba ile 86 ya Kondoa si maneno yangu tu, tafuta chupa tupu ya maji ya lita 1.5, ile laini ya plastiki, ikauke vizuri. Ifunge Kondoa alasiri, kwa kivuli, na uandike joto. Tuseme nyuzi 27, Kelvini 300. Safiri nayo mpaka Dar. Utakapofika utaikuta imebonyea mbavu kama mtu aliyefinywa. Usiifungue hewani. Izamishe mdomo chini ndani ya ndoo ya maji, ndipo uifungue humohumo. Itanyoosha mbavu na kumeza maji. Yasawazishe maji ya ndani na ya nje, funga, toa chupa, pima maji yaliyoingia kwa kikombe cha vipimo. Kisha ijaze chupa pomoni upime ujazo wake wote, kwa sababu chupa ya 1.5 hubeba zaidi kidogo ya 1.5.

Ukikuta ujazo wote ni mililita 1,550 na maji yaliyoingia ni 217, basi hewa uliyoifungia Kondoa sasa imekaa kwenye mililita 1,333. Joto la Dar nyuzi 30, Kelvini 303. Hewa ya Dar ni 101:

101 × 1,333 ÷ 1,550 × 300 ÷ 303 = 86

Yako huenda ikawa 85 au 87, kutegemea ulivyoyasawazisha maji kwenye ndoo.